TUMJUE MTOTO KWANZA, KIFAA BAADAYE

Na Ustadh wa Darasa la Juzuu Amma



Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Muumba wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Aali zake na Masahaba zake wote.

Ndugu msomaji, katika mkutano wa wazazi wa mwaka huu lilizungumzwa jambo ambalo halikumalizika. Kuna waja wema walioahidi kuisaidia madrasa yetu kununua vifaa vya watoto wenye mahitaji maalumu, yaani wasioona, wenye uoni hafifu, wenye usikivu hafifu na wenye matatizo ya viungo. Papo hapo mawazo yakaanza kumiminika. Mmoja alisema vinunuliwe vishikwambi. Mwingine akasema kompyuta. Wa tatu akataka spika kubwa ili sauti ya mwalimu ifike mpaka barazani. Mazungumzo yalichukua karibu saa nzima, kila mtu kwa nia njema, na katika saa hiyo halikutajwa jina la mtoto hata mmoja.

Nimeshika kalamu kabla kamati haijakaa kuamua. Rai yangu ni hii: tusinunue kitu chochote mpaka tumjue mtoto atakayekitumia, kazi atakayoifanya nacho na mahali atakapokitumia. Kifaa kiwe jibu la mwisho, kisiwe swali la kwanza. Fedha hizi ni amana, na amana haihifadhiwi kwa kuwa na risiti tu. Huhifadhiwa kwa kumfikia aliyekusudiwa.

MASAHABA WAWILI

Wengi wetu tunamjua Abdullah bin Ummi Maktum (r.a.), Sahaba asiyeona ambaye kwa sababu yake ilishuka Suratu Abasa, sura ya 80. Tunapoisomesha sura hiyo huishia kwenye adabu ya kutompa mgongo mnyonge, na hayo ni mafunzo makubwa. Lakini ipo habari yake nyingine, iliyomo katika Sahihi Bukhari, ambayo walimu na wazazi tunapaswa kuizingatia.

Ibn Ummi Maktum alikuwa mmoja wa waadhini wa Mtume (s.a.w.) pamoja na Bilal (r.a.). Bilal akiadhini usiku kabla ya alfajiri, na Ibn Ummi Maktum akiadhini alfajiri inapoingia, na kwa adhana yake watu waliacha kula daku. Sasa mtu asiyeona ataijuaje alfajiri? Imepokewa kwamba alikuwa haadhini mpaka aambiwe kuwa kumekucha.

Tazama uzuri wa jambo hili. Hakuambiwa akae nyumbani kwa kuwa haoni. Wala hakutafutiwa mtu wa kuadhini badala yake. Kilichokosekana kwake kilikuwa kitu kimoja, nacho ni macho ya kuutazama mwanga wa alfajiri. Akapewa hicho kimoja tu, na adhana ikabaki yake. Msaada mzuri huziba pengo lililopo, hauichukui kazi ya mtu mikononi mwake.

Sahaba wa pili ni Arfaja bin As'ad (r.a.). Huyu alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za kabla ya Uislamu. Akatengenezewa pua ya fedha, lakini ikamletea harufu mbaya. Wamepokea Abu Daud na Tirmidhi kwamba Mtume (s.a.w.) akamuamuru atumie pua ya dhahabu. Nasi tunajua kuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Hata hivyo, haja ya mtu huyu ilizingatiwa. Kifaa cha kwanza kilijaribiwa, kikaonekana kina madhara, kikabadilishwa kwa kile kinachomfaa. Hakuambiwa avumilie kwa sababu ameshapewa.

Ndugu zangu, yale ambayo wataalamu wa leo wanayaandika kwa kurasa nyingi, asili yake imo katika visa hivi viwili: ziba pengo tu, na kifaa kisichofaa kibadilishwe.

KIFAA SAIDIZI NI NINI?

Watu wengi wakisikia maneno "teknolojia saidizi" huwaza mitambo ya umeme. Sivyo. Kifaa saidizi ni chochote kinachomwezesha mtu kufanya jambo ambalo ulemavu wake ungemzuia. Miwani ni kifaa saidizi. Fimbo nyeupe na magongo ni vifaa saidizi. Hata marufaa tunayowekea msahafu, kwa mtoto ambaye mikono yake haina nguvu ya kushika kitabu, huwa ni kifaa saidizi kilichotengenezwa na fundi seremala wa mtaani.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya vifaa saidizi 50 vinavyopaswa kupewa kipaumbele na kila nchi. Ndani ya orodha hiyo kompyuta na programu zake zimekaa pamoja na miwani, fimbo nyeupe, lenzi za kukuzia maandishi na vifaa vya kuandikia nukta nundu. Na mwaka 2022 shirika hilo pamoja na UNICEF walitoa ripoti ikisema kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja, na karibu bilioni 1 kati yao hawakipati. Kwa hiyo haja ni kubwa, na mali yetu ni ndogo. Mwenye mali ndogo ndiye anayepaswa kuchagua kwa makini zaidi.

MASWALI MANNE KWA MPANGILIO WAKE

Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Marekani, Joy Zabala, aliweka utaratibu mwepesi ambao hadi leo unatumika katika shule nyingi. Ni maswali manne, na siri yake imo katika mpangilio.

Kwanza, mtoto. Anaweza nini sasa hivi, anashindwa wapi, na yeye mwenyewe anataka nini?

Pili, mahali. Darasa likoje, kuna mwanga, kuna kelele, kuna umeme, nani yupo karibu wa kumsaidia?

Tatu, kazi. Ni jambo gani hasa tunataka alifanye: kusoma msahafu, kuandika hijai, kusikiliza darsa, au kufika msikitini?

Nne, na hapo tu, kifaa.

Sisi katika mkutano wetu tulianzia swali la nne. Ni sawa na mtu anayekwenda duka la dawa kabla ya kupimwa. Huenda akapata dawa nzuri na ya ghali, lakini si ya maradhi yake. Tuyapeleke sasa maswali haya kwa watoto wa aina tatu ambao kila ustadh amekutana nao au atakutana nao.

MTOTO ASIYEONA: SIKIO AU KIDOLE?

Kuna rai ninayoisikia mara kwa mara, na inatoka kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema mtoto asiyeona hahitaji kifaa chochote madrasa, kwani tangu zamani wasioona wamehifadhi Qur'an kwa sikio, na wengine wamekuwa mahafidhi na masheikh wakubwa. Mpe redio ya kanda au simu yenye kisomo, inatosha.

Sehemu ya rai hii ni kweli tupu. Qur'an ilipokewa kwa sikio na ulimi, na hakuna kitabu kinachochukua nafasi ya kusoma mbele ya mwalimu. Mtoto asiyeona hana upungufu wowote katika njia hiyo. Tena siku hizi kisomo kizuri kinapatikana kwa urahisi. Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri alikamilisha kurekodi Qur'an nzima kwa murattal mwaka 1961, na sauti yake bado inasomesha tajwidi katika nyumba zetu. Mtoto akipewa kinasa sauti kidogo chenye vitufe anavyoweza kuvitambua kwa kidole, anaweza kurudia aya moja mara 20 bila kumsumbua mtu.

Lakini tuulize swali la tatu: kazi ni ipi? Kama kazi ni kuhifadhi, sikio linatosha. Kama kazi ni kusoma, yaani kuijua herufi, kutofautisha sin na sad katika maandishi, kuandika jina lake, kusahihisha alichokisahau bila kumtafuta mtu wa kumsomea, na kesho kusoma kitabu cha fiqhi au cha shule, basi sikio peke yake halitoshi. Ndugu zake wanasoma na kuandika. Yeye kwa nini aishie kusikiliza?

Hapa ndipo yanapokuja maandishi ya nukta nundu. Habari yake yenyewe ina mafunzo. Louis Braille alizaliwa Ufaransa mwaka 1809, akapoteza uoni akiwa mtoto mdogo kwa ajali katika karakana ya baba yake. Shuleni Paris alikuta maandishi ya nukta yaliyobuniwa na mtu anayeona, yenye nukta 12 kwa kila alama. Yalikuwa makubwa mno, hayakuenea chini ya ncha ya kidole. Mwaka 1824, akiwa na umri wa miaka 15, Louis alipata njia ya kutumia nukta 6 tu. Mwenye kidole ndiye aliyejua kipimo cha kidole. Hii ndiyo sababu nasema mtoto mwenyewe aulizwe.

Kwa nukta hizo 6 hupatikana alama 63, na lugha ya Kiarabu nayo ina mpangilio wake, uliosawazishwa katika mkutano wa UNESCO mjini Beirut mwaka 1951. Wazazi wengi hushangaa wakijua kwamba Kiarabu cha nukta nundu husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na kwamba irabu hazikai juu au chini ya herufi bali hufuata baada yake, kila moja na alama yake. Msahafu wa nukta nundu nao upo, ila si kitabu kimoja cha kubeba kwapani. Ni majalada kadhaa makubwa yanayohitaji rafu yake.

Sasa kifaa gani cha kuandikia? Ipo mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, yenye uzito wa karibu kilo 5. Ni imara na nzuri sana, lakini ni ghali na si kitu cha mtoto kubeba kila jioni. Ipo pia sleti, kibao chenye vitundu kinachobana karatasi nene, pamoja na kalamu yake ya kutobolea. Bei ya mashine moja hununua sleti nyingi. Anayetumia sleti hutoboa upande wa nyuma wa karatasi, kwa hiyo huandika kutoka kulia kwenda kushoto, kisha akageuza karatasi na kusoma kutoka kushoto kwenda kulia. Mtoto anayeanza hupata shida kidogo, kwani kila herufi huiandika kinyume. Ushauri wangu ni madrasa iwe na mashine moja ya kuanzia masomo, na kila mtoto awe na sleti yake ya kwenda nayo nyumbani. Chumvi ya mashine isiwe ndiyo sababu ya mtoto kukosa hata kijiko cha sleti.

Na simu? Simu nyingi za kisasa zina sauti ya kusoma maandishi bila malipo ya ziada. Kwa kompyuta ipo programu ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na vijana wawili wasioona wa Australia, na hutolewa bure. Vitu hivi ni neema kwa mwanafunzi mkubwa anayesoma sekondari. Lakini sauti ya mashine haijui tajwidi. Haijui idghamu wala madda, na Kiarabu kisicho na irabu hukisoma kwa kubahatisha. Kwa hiyo maandishi ya shule yasomwe na mashine, lakini Qur'an isikilizwe kwa msomaji mwenye kujua na isomwe mbele ya ustadh.

MTOTO MWENYE UONI HAFIFU

Kosa linalotokea mara nyingi ni kumdhania mtoto huyu kuwa kipofu, au kinyume chake, kumdhania mvivu. Mtoto mwenye ualbino, kwa mfano, mara nyingi ana uoni hafifu na macho yake huumizwa na mwanga mkali. Macho ya wengi wao huchezacheza yenyewe, na mtoto huinamisha kichwa upande mmoja kwa sababu upande huo ndio anaoona vizuri zaidi. Ustadh asiyejua humkemea: "Kaa sawasawa!" Kumbe mtoto ameshajitafutia kifaa chake mwenyewe, nacho ni shingo yake.

Kwa mtoto kama huyu, kishikwambi chenye kioo kinachong'aa kinaweza kumfaa au kumuumiza, kutegemea kinavyowekwa. Kabla ya kufika huko, tujaribu mambo ambayo hayana gharama au gharama yake ni ndogo. Akae mbele, mgongo wake ukielekea dirishani ili mwanga uangukie kitabu na si macho. Apewe msahafu wa maandishi makubwa. Awekewe marufaa ndefu ili kitabu kimfuate usoni, badala ya yeye kupinda mgongo mpaka sakafuni. Aandikiwe kwa wino mweusi mzito. Aruhusiwe kuvaa kofia yenye ukingo hata darasani. Kisha apelekwe hospitali yenye kitengo cha macho, apimwe, na hapo ndipo miwani au lenzi ya kukuzia ichaguliwe kwa kipimo chake. Lenzi haiazimwi kama kiatu.

MTOTO MWENYE USIKIVU HAFIFU

Hapa ndipo ile rai ya spika kubwa inapohitaji kuangaliwa upya. Mtoto asiyesikia vizuri haidhuriki kwake sauti ndogo peke yake, hudhurika pia kwa sauti nyingi zilizochanganyika. Na madrasa zetu, ndugu msomaji, ni mahali penye sauti nyingi kuliko popote. Watoto 40 wanasoma kwa pamoja, kila mmoja sura yake, chini ya mabati na juu ya sakafu ya saruji. Spika kubwa itaongeza kelele juu ya kelele.

Kifaa cha kusikilizia, ambacho wataalamu hukiita shimesikio, kina msaada mkubwa, lakini nacho hukuza sauti zote, ya ustadh na ya jirani. Hufanya kazi vizuri zaidi mzungumzaji akiwa karibu, mita moja au mbili. Kwa hiyo kifaa cha kwanza cha mtoto huyu ni mahali pa kukaa: karibu na ustadh, akiuona uso na midomo yake, mbali na mlango wa barabarani. Cha pili ni mikeka na mapazia yanayopunguza mwangwi. Cha tatu ni zamu, yaani kumsikiliza wakati wenzake wanaandika badala ya wakati wanasoma kwa sauti.

Akishapata shimesikio kwa kipimo cha hospitali, yako mambo ambayo duka halimwambii mzazi wa Kiislamu. Shimesikio halitakiwi kuingia maji, na mtoto wetu anatawadha mara kadhaa kwa siku. Basi afundishwe kulivua kabla ya udhu na kuliweka katika kikopo chake kikavu. Jasho na unyevu wa pwani pia huliharibu, kwa hiyo lipanguswe kila usiku. Binti anayevaa hijabu achaguliwe kitambaa chepesi, kwani kitambaa kizito kinachobana sikio hulifanya lipige mluzi na kukwaruza. Betri ndogo za kutupa huisha baada ya wiki moja au mbili, na kifuasi kinachoingia sikioni hubadilishwa mtoto anapokua. Anayenunua shimesikio bila kuweka fedha za betri amenunua taa bila mafuta.

Kwa mtoto ambaye ni kiziwi kabisa, spika na shimesikio huenda visimfae kitu. Kinachohitajika kwake ni lugha ya alama, na sisi walimu ndio tunaopaswa kujifunza.

KUMZOESHA MTOTO NA KIFAA CHAKE

Tuseme kifaa kimechaguliwa vizuri. Bado nusu ya safari. Vifaa vingi hufa kabatini si kwa ubovu, bali kwa kuingizwa vibaya. Napendekeza yafuatayo:

1. Kiazimwe kwanza ikiwezekana, kijaribiwe kwa wiki kadhaa. Kisa cha Arfaja (r.a.) kitukumbushe.

2. Mtoto akubali. Mtoto akiona haya atalificha shimesikio chini ya kofia au ataiacha lenzi nyumbani. Asilazimishwe mbele ya wenzake. Aanze kwa muda mfupi, katika kazi anayoipenda, mpaka aone faida mwenyewe.

3. Ustadh na mzazi wajifunze kabla ya mtoto. Mama asiyejua kubadilisha betri na ustadh asiyejua alama hata moja ya nukta nundu watakuwa mzigo juu ya mzigo. Wapo walimu waliosomea elimu maalumu, wengi wao katika Chuo cha Ualimu Patandi mkoani Arusha, na shule kama Buigiri mkoani Dodoma na Irente huko Lushoto zina uzoefu wa muda mrefu wa kusomesha wasioona. Hatuna sababu ya kuona haya kuwauliza.

4. Wenzake waelezwe. Watoto wakielezwa kitu ni nini na ni kwa nini hakichezewi, huwa walinzi wazuri kuliko makufuli.

5. Awepo mtu mmoja anayehusika na matengenezo, na fungu la fedha lake. Kiti mwendo chenye tairi lililopasuka kimerudi kuwa kiti cha kawaida.

6. Kila muhula tukae tena na mtoto tumuulize: kinakufaa? Kama hakimfai, kibadilishwe bila lawama. Mtoto hukua, na kazi hubadilika kutoka hijai hadi juzuu.

Nataja kiti mwendo kwa sababu tunaye mtoto anayebebwa mgongoni na kaka yake kila jioni. Kumnunulia kiti ni jambo jema, lakini mlango wetu una kidato cha sentimita 15. Kipimo kinachokubalika cha mteremko ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, yaani mteremko wa sentimita 180. Mifuko michache ya saruji ndiyo itakayoamua kama kiti kile kitamwingiza darasani au kitamfikisha mlangoni tu.

"HATUNA UWEZO"

Najua wako watakaosema kwamba haya yote ni mazuri lakini yatachelewesha, na mfadhili anataka kuona kitu, anataka picha ya makabidhiano. Nawajibu kwa heshima. Kumsikiliza mtoto, kulitazama darasa na kumhamisha mkekani hakuchelewi hata wiki moja na hakuna gharama. Na mfadhili mwenye ikhlasi, tukimweleza kwamba mtoto fulani alihitaji sleti, karatasi nene na mwalimu wa nukta nundu kwa miezi sita badala ya kishikwambi, atafurahi zaidi, kwani sadaka yake itakuwa inasoma. Kishikwambi kilichofungiwa kabatini hakimwombei mtu dua.

Wako pia wanaoogopa kwamba kumpa mtoto mmoja kitu ambacho wenzake hawana ni ubaguzi. Hapana. Uadilifu si kumpa kila mtu kiatu cha namba moja. Ni kila mmoja kuondoka akiwa amevaa kinachomwenea.

OMBI LANGU

Kwa kamati: kabla ya kikao cha manunuzi, kila mtoto anayehusika aandikiwe karatasi moja yenye yale maswali manne, ijazwe na ustadh wake, mzazi wake na mtoto mwenyewe. Fedha zigawanywe mafungu matatu: kununua, kufundisha na kutengeneza. Asiyekuwa na karatasi, jina lake litafutwe, asirukwe.

Kwa wazazi: msiwafiche watoto nyumbani, wala msiseme kwa niaba yao jambo ambalo wanaweza kulisema wenyewe.

Na kwenu wanafunzi wapenzi: mwenzenu akihitaji kitu kimoja, mpeni hicho kimoja. Asiyeona akiuliza mlango uko wapi, mwambieni, lakini msimbebe. Ibn Ummi Maktum (r.a.) aliambiwa tu kuwa kumekucha, na Madina nzima ikaisikia adhana yake.

Tunamuomba Allah (s.w.) awalipe kheri waliotoa, atuongoze tuliopewa amana, na awafungulie watoto wetu wote milango ya elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.